Mikeka 12 ya Mwalimu Kano

Mwaka 1882, kijana wa miaka 21 aliingia katika hekalu la Eishoji jijini Tokyo, akatandika mikeka 12 na kuanza kufundisha. Vijana walipopigana mieleka hekalu lilitikisika, mbao za sakafu zikavunjika. Mwalimu mwenyewe alichukua taa, akatambaa chini ya sakafu na kuzitengeneza. Mwaka huo wa kwanza alipata wanafunzi 9 tu.

Kijana huyo alikuwa Jigoro Kano, na mikeka ile ndiyo iliyozaa Kodokan, chuo cha judo. Lakini riziki yake ilitoka darasani. Mwaka huohuo aliajiriwa kufundisha siasa na uchumi Gakushuin, shule ya watoto wa makabaila. Tangu hapo hadi anazeeka alikuwa mwalimu.

Uzeeni, aliposimulia maisha yake katika jarida la Kodokan, hakuona haya kutaja chanzo cha yote. Alizaliwa mwaka 1860 huko Mikage, karibu na Kobe, katika ukoo wa watengenezaji wa pombe ya mchele. Alikuwa na akili nyingi na mwili mdogo, na katika shule ya bweni wanafunzi wenye miili mikubwa walimwonea. Akaazimia kujifunza jujutsu, sanaa ya Kijapani ya kupigana. Haikuwa rahisi, maana wakati huo Wajapani wengi waliiona ni kitu kilichopitwa na wakati. Ilimbidi aulizie kwa waunga mifupa, kwa kuwa baadhi yao walikuwa walimu wa zamani wa sanaa hiyo.

Mwaka 1877 akampata mmoja, mzee Fukuda Hachinosuke. Siku moja mzee alimpiga mwereka, naye Kano akauliza: mkono unakwenda wapi, mguu je? Mzee akamwita asogee, akamwangusha tena. Akauliza tena, akaangushwa tena. Kwa Fukuda, mwili ulijifunza kwa kurudiarudia, maelezo hayakuwa na kazi.

Kano alimheshimu sana mwalimu wake, ila alipopata wanafunzi wake mwenyewe aliongeza kile alichokikosa. Kodokan ilikuwa na mazoezi ya kushikana, lakini pia ilikuwa na mihadhara, na kipindi cha maswali na majibu. Sababu za mambo alizieleza kwa hesabu nyepesi. Tuseme mpinzani ana nguvu 10, wewe una 7. Ukishindana naye kwa kusukumana, utashindwa. Akikusukuma nawe ukarudi nyuma pamoja naye, atayumba, na katika kuyumba huko nguvu yake itashuka hadi 3. Wewe bado una 7 zako, na nusu yake inatosha kumwangusha.

Hiyo ndiyo kanuni aliyoiita seiryoku zen'yo, yaani kuitumia nguvu uliyo nayo kwa namna bora kabisa. Aliifunga pamoja na jita kyoei, kustawi wewe na mwenzako. Kwenye mkeka hazitengani. Anayeanza judo hufundishwa kwanza kuanguka bila kuumia, na anayeangusha huendelea kushika mkono wa vazi la mwenzake ili atue salama. Mwenzako akivunjika leo, kesho utafanya mazoezi na nani?

Kanuni hizo alizipeleka ofisini. Mwaka 1891 alikuwa mkuu wa shule huko Kumamoto, na mwaka 1893 akakabidhiwa Chuo cha Juu cha Ualimu cha Tokyo, alichokiongoza, kwa vipindi vilivyokatika, hadi 1920. Alijua kwamba kila mwalimu anayetoka pale atakwenda kuwa mfano kwa mamia ya watoto, hivyo akahimiza mbio ndefu na kuogelea kwa wote, si kwa mabingwa peke yao. Mmoja wa wanachuo wake, Shizo Kanakuri, ndiye aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, Japani iliposhiriki kwa mara ya kwanza ikiwa na wanamichezo 2 tu. Kano aliongoza msafara huo.

Mwaka 1896, mwaka mmoja tu baada ya Japani na China kumaliza vita, alikubali kuwapokea na kuwasomesha vijana 13 wa Kichina. Kazi hiyo ilikua ikawa shule kamili, Kobun Gakuin, na humo ndimo alimosoma Lu Xun kabla ya kuwa mwandishi mashuhuri wa China.

Kano alifariki tarehe 4 Mei 1938 ndani ya meli ya Hikawa Maru, akirejea kutoka mkutano wa Kamati ya Olimpiki uliofanyika Cairo. Judo iliingia Olimpiki mwaka 1964, jijini Tokyo.

Walimu wakuu wanaoanzisha klabu za judo au karate shuleni wasiishie kwenye kununua mikeka na kuhesabu vikombe. Wamfundishe mtoto kumlinda mwenzake anapomwangusha, na akiuliza mguu unakwenda wapi, wamjibu.