Rafu ya Vijaluba vya Marehemu Baba

Siku ya nne baada ya kumzika baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, mwanamke mmoja alipiga hodi nyumbani kwetu Kibera. Aliketi na mama kwa muda, akamwombea marehemu, kisha kwa haya nyingi akaitaja haja yake. Alikuwa amempa baba kikasha cha bobini cha cherehani yake akitengeneze. Bila ya kikasha hicho hawezi kushona, na kushona ndiko kunakowalisha watoto wake. Tulimwambia asiwe na wasiwasi, kesho yake tungemtafutia. Hatukujua uzito wa ahadi tuliyoitoa.

Baba alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani. Alizaliwa Mombasa, akaja Nairobi ujanani, akapata chumba Makina, miongoni mwa Wanubi, vizazi vya askari wa Kisudani ambao ndio waliopaita mahali pale Kibra, yaani msituni. Kazi yake, hata hivyo, aliifanyia Kawangware, ng'ambo ya Barabara ya Ngong, katika chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10. Kwa zaidi ya miaka 30 alitoka asubuhi na kurudi kabla ya Magharibi. Sisi, mabinti watatu na kaka yetu mmoja, tulidhani tunaijua kazi yake kwa kuwa ndio tuliokuwa tukimpelekea chakula.

Tulipokifungua chumba kile bila yeye kuwamo, tuliona kwamba hatukuwa tukijua lolote. Kulikuwa na mikebe ya samli, makopo ya maziwa ya unga na vifurushi vya karatasi, na ndani yake skrubu, springi, sindano, miguu ya kubania kitambaa na vikasha vya bobini, vyote vimechanganyika. Baba aliijua njia ya kila kitu kwa kichwa chake, na ujuzi huo tulikuwa tumeuzika pamoja naye. Tulikiona kikasha kimoja kinachong'aa, tukampelekea yule mama, tukarudi tumeridhika. Baada ya siku tano alikirudisha. Alikuwa ameshonea nguo za harusi, na mshono wote ulikuwa umelegea upande wa chini; ilimbidi afumue. Hakutulaumu. Alisema tu, "Wanangu, hiki si changu." Kwa hiyo tulikuwa tumemharibia kazi yeye, na pia tulikuwa tumetoa mali ya mtu mwingine tusiyemjua.

Hapo ndipo tulipoanza kujifunza. Bobini mbili zaweza kulingana kwa macho, kumbe moja ina pande tambarare na nyingine ina pande zilizobinuka kidogo, na moja haikai mahali pa mwenzake. Sindano ya cherehani ya nyumbani ina mkia uliobapa upande mmoja. Ya mashine za kiwandani mkia wake ni wa duara. Skrubu nyingi za cherehani za kale, kama zile za Singer, zina meno ya kipimo cha kiwanda chenyewe, wala hazilingani na zile za duka la vifaa vya ujenzi. Skrubu moja ya namna hiyo ikipotea, cherehani nzima yaweza kulala.

Wazee walitukumbusha jambo jingine. Mirathi haigawiwi mtu akishazikwa tu. Hutangulia gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wapate mafungu yao. Amana nayo si mali ya marehemu hata kidogo. Ni mali ya mwenyewe iliyokuwa imewekwa mkononi mwake. Katika Suratun Nisaa, sura ileile inayotufundisha mafungu ya mirathi, mna pia, katika aya ya 58, amri ya kuzirudisha amana kwa wenyewe. Basi mbele ya kila kijiskrubu tulikuwa na swali moja: je, hiki ni chetu?

Jibu lilikuwapo, ila hatukuweza kulisoma. Vitu vingi vya wateja baba alivizungushia kipande cha karatasi chenye maneno machache ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa chuoni utotoni. Msahafu tunausoma, alhamdulillah, lakini mkono wa baba, usio na irabu na mara nyingine usio na nukta, ulitushinda. Aliyeuweza ni mama peke yake, na mama alikuwa ndani ya eda. Angekaa nyumbani miezi 4 na siku 10, wala hatukutaka kumtoa Kibera kwa kazi ambayo sisi twaweza kumletea. Ikiwa mama haendi Kawangware, tulisema, basi Kawangware ije kwake, sinia moja baada ya nyingine.

Rafu yetu ilitokana na haja hiyo. Hatukutaka kabati la kufungia vitu, bali kiunzi ambacho kila sinia yake yaweza kuchomolewa, ikafunikwa, ikabebwa na kurudishwa mahali pake palepale. Kaka alinunua mbao za saipresi na plaiwudi, na seremala jirani akatuazima randa na pimamaji. Rafu ilitoka na upana wa futi 4 na kimo cha karibu futi 5, yenye safu 4 na katika kila safu sinia 10. Sinia moja ilikuwa na inchi 10 kwa 7, nasi tukapanga ndani yake vijaluba 6 vya inchi 3. Vilitimia vijaluba 240.

Makosa nayo hayakukosa. Vipande vya mbao vya kubebea sinia tulivipigilia msumari mmojammoja, na usiku wa pili kimoja kikang'oka. Asubuhi tulikuta springi zimetapakaa sakafuni, tukaziokota kwa kutambaa, taa mkononi. Chuma kidogo kidogo kikikusanyika ni kizito kuliko kinavyoonekana. Tuliving'oa vipande vyote, tukavitia gundi na skrubu mbili kila upande, tukaviinamisha nusu inchi kuelekea nyuma ili sinia zisiteleze zikatoka. Tulijifunza pia kuwa mabati hayashiki kitu. Rafu ilifungwa kwenye nguzo za mbao zinazoyabeba mabati hayo. Sinia ya chini kabisa tuliiacha inchi 6 juu ya sakafu, kwa kuwa mvua kubwa ikinyesha maji hupita chini ya mlango. Kila kitu kilifutwa kutu na kupakwa mafuta ya cherehani kabla ya kuingia kijalubani. Mbele ya kila sinia tulifunga kwa uzi mfano wa kilichomo, ili hata asiyejua kusoma asikosee.

Safu ya kwanza tuliipaka rangi nyeupe, ikawa ya amana. Safu mbili za katikati zilikuwa za mali ya baba. Ya nne, isiyopakwa rangi, ilikuwa ya vitu ambavyo mwenyewe hajulikani. Mwanzoni safu hiyo ya nne ilijaa hata sinia hazikutosha.

Kila jioni mmoja wetu alishuka na sinia mbili au tatu, na baada ya Isha mama alivaa miwani, akazifungua karatasi. "Hii ya mwalimu wa madrasa, kalipa nusu." "Hii ya yule mama mshona sare, mwenye mtoto anayechechemea." Nyingine alizisoma, akanyamaza, akafuta macho, tukajifanya hatukuona. Karatasi kadhaa zilisema kwamba baba alikwisha kupokea fedha na kazi hajaifanya. Hayo yalikuwa madeni. Tuliyaandika katika daftari, jumla yake ikafika shilingi 14,300, tukayalipa kabla ya kununua chochote cha nyumbani.

Usiku mmoja tulileta boksi tulilolikuta chini ya meza ya kazi. Ndani mlikuwa na vipuri vipya vya mashine za kiwandani, bado vimo katika karatasi zake za mafuta. Thamani yake ilizidi vitu vyote vya chumba kile. Kodi ya chumba ilikuwa imetufikia, na tangu tulionapo tulikuwa tumekwisha kuligawa mioyoni mwetu. Mama alikikunjua kikaratasi kilichokuwa chini kabisa, akakisoma mara mbili. Boksi lilikuwa la fundi mwenziwe baba aliyerudi kwao Tanga, ambaye aliliacha lihifadhiwe. Hakuna aliyesema neno. Tunakiri kwamba kila mmoja wetu alijua anachokiwaza mwenziwe, kwa kuwa aliyeweza kukisoma kikaratasi kile alikuwa mmoja tu. Mama alikikunja, akakirudisha boksini, akasema, "Baba yenu hakuwaachia utajiri, wanangu. Nanyi msimwachie deni." Boksi likaenda kwenye safu nyeupe. Ilituchukua wiki sita za kuulizia kabla ya kumpata mwenyewe. Alimtuma mwanawe, akalichukua, akaandika jina lake katika daftari letu.

Kikasha cha yule mama wa kwanza tulikipata ndani ya sinia ya saba, kimefungwa vizuri, na karatasi ikisema kuwa kimekwisha kutengenezwa. Tulimpelekea wenyewe, tukamngoja ashone kipande cha kitambaa mbele yetu. Mshono ukasimama. Tulimlipa uzi na vitambaa alivyovipoteza, akapokea baada ya kusihiwa sana.

Vilivyobaki bila ya mwenyewe tulivitangaza kwa mafundi nguo wa Kawangware na baada ya sala ya Ijumaa, na watu wakaja kidogo kidogo. Sinia 10 zikawa 3. Kwa hizo tatu, sheikh tuliyemwendea alituelekeza tuendelee kungoja, na tukikata tamaa tuviuze, thamani yake tuitoe sadaka kwa niaba ya wenyewe, nasi tuwe tayari kumlipa yeyote atakayetokea baadaye. Kwa hiyo zingali pale, zina tarehe.

Baada ya hapo ndipo tulipoligusa fungu letu. Wazazi wa baba walikwisha kutangulia, hivyo mama alipata thumni, na iliyobaki ikawa ya watoto, mwanamume mafungu mawili ya mwanamke. Hesabu ilitoka kwa mafungu 40: mama 5, kaka 14, na kila binti 7. Hatukuzigawa skrubu. Tulivithaminisha vyote pamoja, na mdogo wetu, ambaye kwa miezi ile alikuwa amejifunza kazi kwa kupanga vipuri, akayanunua mafungu ya wengine polepole. Leo yeye ndiye fundi wa chumba kile.

Eda ya mama ilipokwisha tulimpeleka Kawangware. Tulitaraji atatazama sinia zilizojaa. Yeye alikwenda kwenye safu nyeupe, akazichomoa moja moja, akaona ni tupu, akazirudisha. Kisha akaomba kiti.

Tumeyaandika haya kwa ajili ya nyumba zenye fundi, mshonaji au mfanyabiashara mdogo. Mwulizeni angali hai ni kipi chake na ni kipi cha watu. Kiandikwe jina, tarehe na kilicholipwa, kwa maandishi ambayo watakaobaki wataweza kuyasoma, na kiwe na mahali pake. Mbao chache na jioni chache zinatosha. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tumfikie mikono yetu ikiwa haina cha mtu. Amin.