Ngozi Iliyobaki

Huku pwani, mwanamke aliyevuka miaka sitini akikonda hapongezwi, hupewa pole. Watu hukutazama usoni, kisha shingoni, kisha macho hushuka mkononi, pale ngozi ya juu ya kiwiko inapoyumba kila unaponyoosha mkono kupokea chenji. Halafu huja swali ambalo hujui kama ni salamu au upelelezi: "Shoga, kulikoni?" Mimi nilikuwa mnene kwa miaka mingi, unene ule wa kuambiwa nimenawiri na bwana ananitunza. Magoti yalikuwa yakilia ngazini na nilikuwa nikilala nimeketi kwa kukosa pumzi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza kulikoni.

Swali hilo lina historia yake, na sisi wa umri huu tunaijua. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera. Watu wa huko waliuita ugonjwa huo Juliana, jina lililotokana na nguo za magendo zilizokuwa zikiuzwa wakati ule. Nilikuwa fundi cherehani kijana, na nakumbuka nilivyoshtuka kusikia vazi limegeuka jina la maradhi. Ng'ambo ya mpaka, Waganda waliuita Slim, kwa sababu ulimkondesha mtu mpaka akabaki ngozi na mifupa. Huku kwetu tukasema fulani kakanyaga waya, na hakuna aliyehitaji ufafanuzi. Dawa za kufubaza makali zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na leo anayezimeza vizuri ana mwili kama wa mtu mwingine yeyote. Lakini jicho la jirani lilifundwa miaka ile, na halijafundwa upya. Mwembamba aliyezaliwa mwembamba hahangaishi jicho hilo. Linamwandama yule ambaye ngozi yake inaonyesha kwamba zamani ilibeba kitu kikubwa zaidi.

Kwa hiyo nimezoea kujibu kabla sijamaliza kuulizwa: sukari, nimeambiwa nipungue, nimepungua. Wengine huamini. Wengine huitikia "Mungu akuafu" kwa sauti ya kuonyesha kwamba wameshaamua yao.

Jinsi nilivyopungua si habari kubwa. Sahani ya wali ikawa nusu, chai ikanywewa bila sukari, soda na maandazi vikaondoka, na kila alfajiri nikawa natembea kutoka Ngamiani kuelekea Raskazone, hapa Tanga, kabla jua halijawa kali. Kutoka kilo 112 nikafika 71, kwa miaka miwili na ushee. Sababu ndiyo ilikuwa na uzito. Kisukari changu kilikuwa hakijakaa muda mrefu mwilini, na daktari alinieleza habari ya utafiti wa Uingereza uliotoa matokeo yake ya kwanza mwaka 2017. Walishiriki wagonjwa 306 wa kisukari cha aina ya pili, wote wakiwa na ugonjwa huo kwa muda usiozidi miaka sita. Kati ya waliosaidiwa kupunguza uzito, karibu nusu walitimiza mwaka sukari yao ikiwa imeshuka chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa. Kwa waliopungua kilo 15 au zaidi, ni zaidi ya wanane katika kila kumi. Tena kuna magoti. Wamarekani waliwapima wazee wenye magoti mabovu wakaona kwamba kila kilo moja inayotoka mwilini huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Piga hesabu ya hatua za kwenda sokoni na kurudi.

Hayo yote niliambiwa. Ngozi haikutajwa. Nadhani daktari aliona ni jambo dogo mbele ya figo na macho, na kwa hilo simlaumu. Lakini mtu anayeagizwa kupungua kilo arobaini akiwa na miaka sitini na kitu anastahili kuambiwa mapema kwamba mafuta yataondoka na mfuko wake utabaki.

Chini ya ngozi ya juu kuna nyuzi za aina mbili. Kolajeni huipa ngozi uimara, na elastini huirudisha mahali pake baada ya kuvutwa. Hii ya pili ndiyo lastiki yenyewe, na fundi yeyote anaijua tabia ya lastiki: ivute usiku mmoja itarudi, iache imevutwa miaka ishirini kisha uiachie, itabaki imelala hapo hapo. Mwili hutengeneza elastini nyingi utotoni na ujanani, na baada ya hapo ni kidogo mno. Kolajeni nayo hupungua kadiri umri unavyosogea, na kwa wanawake hupungua kwa kasi zaidi katika miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma. Jua na sigara huongeza uharibifu. Ndiyo maana binti wa miaka ishirini na mitano akijifungua, tumbo lake huweza kurudi, na mimi langu linaning'inia kama lilivyo. Waliojaliwa ngozi ya kurudi ni wa kuzaliwa hivyo, na wasituuzie siri zao.

Maana wauzaji wapo. Kuna mafuta ya kukaza ngozi, kuna mikanda ya kutoa jasho, kuna unga wa kuchanganya na maziwa. Mafuta mazuri hulainisha ngozi, na ngozi laini ni raha, lakini hakuna ya kupaka yanayopunguza ngozi iliyozidi. Kinachoniudhi zaidi ni zile krimu zenye steroidi ambazo wanawake hujipaka kwenye mikunjo bila kuambiwa na daktari. Hupooza muwasho haraka, na ukiendelea kujipaka huifanya ngozi iwe nyembamba zaidi, na kama chini yake kuna fangasi, fangasi hao huneemeka.

Nasema fangasi kwa sababu joto la Tanga halina huruma. Chini ya tumbo, chini ya matiti, ndani ya mapaja, ngozi inalalia ngozi, jasho linakaa, panawaka. Usiku unajikuna mpaka panachubuka. Haya wazee hawayasemi hata kwa mabinti zao, nami nayasema. Dawa yake kubwa ni ukavu. Ukioga, inua mkunjo, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, kisha weka kipande cha pamba safi katikati, kitambaa kikuukuu cha kanga kinafaa kuliko chochote cha dukani. Pakiwa pekundu na panatoa harufu, nenda zahanati wakupe dawa ya fangasi. Mwenye kisukari asingoje pachanike.

Kuna jambo moja lililonipa faida kuliko nilivyotazamia. Mtu mzima akipungua haraka haondokewi na mafuta peke yake, na misuli nayo huondoka, kwa hiyo sehemu ya ule ulegevu ni ngozi iliyokosa nyama ya kuikalia. Mtaalamu wa mazoezi wa kliniki alinifundisha kuketi kwenye kiti na kuinuka bila kushika popote, na kunyanyua galoni la lita tano la maji kila upande. Akaniambia dagaa, mayai na maharage visikose siku nzima. Mapaja yalijaa kidogo, mabega nayo. Ngozi ya tumbo haikusogea. Lakini nabeba ndoo yangu mwenyewe, na kwa umri huu sioni mapambo yanayoipita hiyo.

Mwanangu wa Dar es Salaam aliona hayo hayatoshi. "Mama, siku hizi wanakata, wanashona, kwisha," akanipeleka kwa daktari bingwa. Mimi niliyeshika mkasi maisha yangu yote nilimsikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi mwenzake. Hakunificha kitu. Mkato wa tumbo hutoka nyonga hadi nyonga, na kovu lake halifutiki. Huwekwa mirija ya kutoa maji yanayojikusanya chini ya ngozi. Damu huweza kuganda miguuni na kusafiri hadi mapafuni. Kidonda cha mwenye sukari hupona polepole, na uzito unapaswa uwe umetulia kwa miezi sita angalau, la sivyo ukinenepa au kukonda tena kazi yote inaharibika. Kwa mikono kovu hupita upande wa ndani, toka kwapani mpaka karibu na kiwiko. Nilimuuliza kama angemfanyia mama yake. Akacheka, akasema mama yake hana shida ya kutembea.

Jibu hilo lilinitosha. Nina rafiki ambaye ngozi ya tumbo lake inafika mapajani, inamchubua anapotembea na vidonda havikauki. Kwa huyo, kukatwa ni tiba sawa na tiba nyingine yoyote, na anayemwambia anataka urembo uzeeni hajawahi kumfulia nguo zake. Mimi sina vidonda. Nilichokuwa nacho ni kutojipenda kwenye kioo, na sikuona sababu ya kuulaza moyo wangu wa miaka sitini na sita chini ya usingizi wa dawa kwa ajili ya kioo. Mwanangu alinuna kidogo. Mzee wangu yeye alipoulizwa alisema tu kwamba mkono wangu ulikuwa mto wake na sasa analalia mfupa, na hilo hakuna daktari wa kulitibu.

Sehemu ninayoifikiria mara nyingi ni msala. Kwa miaka kadhaa nilisali juu ya kiti, kwa sababu nikishuka chini nilihitaji watu wawili wa kuniinua. Ramadhani iliyofuata baada ya kupungua, nilijaribu nikiwa peke yangu chumbani. Nikashuka, goti moja, goti la pili, paji la uso likagusa mkeka. Na wakati huo huo ngozi ya tumbo ikatangulia mbele ikaning'inia chini yangu, nzito, baridi, kama si yangu. Furaha na karaha zilinijia kwa mkao mmoja. Nilikaa pale chini muda mrefu kuliko sunna inavyodai. Hata leo nikisujudu naihisi inashuka, na sijifanyi kwamba haipo, ila sijawahi kutamani kurudi kwenye kiti.

Watu hudhani ukipungua unarudi kwenye mwili wa zamani. Hata mimi kabatini nilikuwa na gauni la harusi ya dada yangu, la miaka ya themanini, nimelihifadhi kwa siku ya kupungua. Lilinikaa kiunoni bila shida. Kifuani likawa tupu, mkononi likabana ngozi ikafurika nje ya mshono. Kipimo cha kiuno kilikuwa kile kile kwa sentimita, mwili haukuwa ule. Mteja akiniletea karatasi ya vipimo vya miaka mitano nyuma huwa simshonei, namwambia asimame nimpime. Basi siku hiyo nilijipima mwenyewe, kwa futikamba, mbele ya kioo cha kibanda, nikaandika kwenye daftari la wateja kama mteja mgeni.

Mwili huu una ushonaji wake. Kitambaa chepesi kinachonata hufuata kila mkunjo, heri krepu yenye uzito kidogo inayoanguka yenyewe. Mkono uishie chini ya kiwiko na uwe mpana kwapani, lakini si mpana ovyo, ukizidi unaupiga mkono na kuvuta macho pale pale usipotaka. Lastiki kiunoni sishauri, huigawa ngozi mafungu mawili. Ndani, fulana ya pamba ndefu iliyochomekwa vizuri huishikilia ngozi ya tumbo na kunywa jasho. Dera lina heshima yake na sitalisema vibaya, ila nimeona wanawake wakilivaa kama mtu anayejificha nyuma ya pazia, na nguo ya namna hiyo inachosha kuivaa.

Siku hizi wanakuja wengi wa aina yangu. Wengine wamepungua kwa sukari, wengine kwa presha, na wachache kwa zile sindano mpya zinazokata hamu ya kula, ambazo bei yake sitaki hata kuisikia. Karibu wote huniambia sentensi moja wanapoleta nguo za kupunguza: "Usikate, acha akiba ya mshono, huenda nikanenepa tena." Naacha inchi moja kila upande. Ni nguo yao.

Juzi alikuja mmoja, mwalimu mstaafu, binti yake anaolewa. Alitaka gauni la kata mikono. Nilimtazama mikono, ilikuwa kama yangu, labda zaidi. Nikamshauri tuweke mkono wa nyavu, unapendeza na unasitiri. Akasema, "Bibi fundi, mikono hii imebeba huyo bibi harusi. Wakitaka kuitazama waitazame." Nilijaribu tena kumshawishi wakati wa kumpima, akakataa tena. Nikamshonea alivyotaka, kwapa la duara lililokaa karibu na mwili ili lisipwaye, na bitana laini ndani lisimchubue. Siku ya harusi alicheza, mikono juu. Mimi nilikuwa mstari wa nyuma, na gauni langu la mikono mirefu, nikiangalia kama mishono inashika. Ilishika.