Umeme wa Kupima kwa Kibaba

Neno umeme lilikuwa la mawinguni kabla ya kuwa la ukutani. Lilikuwa jina la ule mwako unaotangulia ngurumo ya radi, na lilipokuja kupewa kile kipitacho ndani ya waya, lilikuja na dhana ya kitu kijacho kwa ghafla, kwa wingi, tena bila kipimo. Wakenya wakaongeza stima, neno lililotoka katika mvuke wa meli na mitambo, wakalihamishia kwenye taa. Si kosa, hakuna lugha isiyohamisha maneno. Hata hivyo, majina haya mawili aghalabu hufumbata vitu vitatu visivyolingana: msukumo, ambao hupimwa kwa volti, mkondo, ambao hupimwa kwa ampea, na akiba, ambayo haielezeki mpaka itajwe pamoja na saa. Mtu akaaye karibu na soketi hana haja ya kuvitenga. Hubonyeza swichi, taa ikawaka, na hadithi yake ikaishia hapo.

Wapo watu, hata hivyo, wanaolazimika kuvitenga, tena wengi wao wakiwa wazee wastaafu ambao hawakupata kusomea fizikia. Hao huonekana kila majira ya baridi katika jangwa la Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani, kandokando ya mji mdogo uitwao Quartzsite. Huja wakikokota trela nyuma ya magari yao, na trela hizo si za kubebea mizigo bali ni nyumba ndogo zenye kitanda, jiko, choo na friji. Ardhi wanayotua ni ya umma. Tangu mwaka 1983 serikali kuu imetenga maeneo ambamo mtu aliyelipa ada anaweza kukaa kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. Anachopata hasa ni nafasi: changarawe, vichaka vya miiba, milima ya kahawia kwa mbali na anga pana. Penye trela yake hapana nguzo ya umeme.

Ili kufahamu ukubwa wa jambo hili, sharti kwanza ieleweke ni nini kinachokosekana. Katika kambi ya kulipia, kila trela huegeshwa kando ya kijiguzo chenye soketi. Soketi ya kawaida hutoa ampea 30 kwa msukumo wa volti 120, yaani wati 3,600, usiku na mchana, bila kuchoka. Trela inapoondoka hapo, hubakia na betri. Chukulia betri moja ya risasi na asidi, ya volti 12 na saa-ampea 80. Ukizidisha, unapata wati-saa 960. Nazo hazitumiki zote, kwa kuwa betri ya aina hii, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, huzeeka upesi ikizoezwa kukaushwa. Wenye busara huishia nusu. Nusu hiyo ni wati-saa 480. Kile kijiguzo cha kambini, kikifunguliwa kikamilifu, kingezitoa kwa dakika 8.

Dakika nane! Hapo ndipo wengi hushtuka, wakadhani wameuziwa betri mbovu. Betri si mbovu. Walichozoea ni mto, na sasa wamepewa mtungi.

Trela yenyewe huchangia mkanganyiko huo, maana ina mifumo miwili ya umeme chini ya paa moja. Taa, pampu ya maji na feni ya hita hutumia volti 12, mkondo uendao upande mmoja tu, moja kwa moja kutoka kwenye betri. Soketi za ukutani, maikrowevu na kiyoyozi hungoja volti 120 za mkondo geu. Kambini, kifaa kiitwacho konveta hushusha umeme wa nguzo ili kulisha mfumo ule wa kwanza na kuijaza betri. Jangwani hakuna cha kushushwa. Anayetaka kutumia soketi hana budi kufunga inveta, ambayo hufanya kazi kinyume: huchukua volti 12 na kuzipandisha. Nayo haifanyi hivyo bure. Maikrowevu inayovuta wati 1,500 huidai betri ya volti 12 zaidi ya ampea 125, na upotevu wa inveta ukiongezwa, hukaribia 140. Wilhelm Peukert alikwisha kuonyesha mwaka 1897 kwamba betri ya risasi ikivutwa kwa pupa hutoa akiba ndogo kuliko ikivutwa polepole. Mwenye betri moja akijaribu kupasha chai yake namna hiyo, msukumo huporomoka na inveta hujizima yenyewe chai ikiwa bado baridi. Gesi ingeichemsha bila kuigusa betri.

Mwanafunzi wa istilahi atapenda kutua kidogo hapa. Fizikia hutenga kasi ya kutumia na jumla ya kilichotumika: ya kwanza hupimwa kwa wati, ya pili kwa wati-saa. Kiswahili kina nyenzo za kuvitenga, lakini matumizi yamezichanganya. Nchini Tanzania jumla ile huitwa nishati. Vyombo vya habari vya Kenya navyo vimezoea kusema kawi, neno la asili ya Kiarabu ambalo kwao lilihusu kuwa na nguvu. Kwa hiyo Mkenya asemapo kawi kwa maana ya akiba, anatumia neno ambalo mizizi yake iko upande wa nguvu. Darasani jambo hili ni la mjadala. Ndani ya trela lina uzito mwingine.

Chukua, msomaji, mke na mume waliostaafu, mke akiwa mtu aliyefanya kazi ya karani wa hesabu, na mume akiwa na maradhi ya kukatikiwa na pumzi usingizini. Mume hulala amevaa barakoa iliyounganishwa na mashine inayosukuma hewa ili koo lisijifunge. Ni usiku wa Disemba, na baridi ya jangwa inaweza kukaribia kiwango cha maji kuganda. Hita yao huchoma gesi ya propani, na kwa sababu hiyo wamejiaminisha kwamba haihusiani na umeme. Kumbe joto la gesi husambazwa na feni, na feni hiyo huvuta kiasi cha ampea 7. Ikizunguka nusu ya usiku wa saa 12, imekula saa-ampea 42. Mashine ya pumzi, pamoja na kijito chake cha kupasha maji ili hewa isimkaushe koo, huvuta ampea 4 kwa saa 8: hizo ni 32. Jumla ni 74, na nusu ya betri yao ni 40.

Kinachofuata hakina mlipuko wala moshi. Msukumo wa betri hushuka kidogo kidogo. Feni huzunguka kwa uzembe, na ndani ya hita kuna kibati chepesi ambacho hutakiwa kusukumwa na upepo wa feni kabla ya gesi kuruhusiwa kuwaka. Upepo ukiwa hafifu, kibati hakisogei na moto hauwaki. Feni, hata hivyo, huendelea kuzunguka na kumaliza kilichosalia. Yapata saa tisa usiku mashine ya pumzi nayo hunyamaza. Mke huamshwa na ukimya, kisha husikia mkoromo wa mumewe, kisha mkoromo unakatika, naye huhesabu gizani akingoja pumzi irudi. Hurudi. Mume huketi kitandani na wote wawili hukesha wamejifunika mablanketi hadi mapambazuko.

Asubuhi mke huchukua daftari, kama alivyokuwa akifanya kazini, na kuchora safu mbili: kilichoingia na kilichotoka. Hapo ndipo anapogundua kwamba kipimo alichokuwa akikitegemea kilimhadaa. Taa nne za ukutani zilizoandikwa kuwa betri imejaa zilisoma volti tu, tena trela ikiwa imetoka tu kuchajiwa. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.7, na iliyofika nusu husoma takriban 12.1 au 12.2. Tofauti yenyewe ni ndogo mno, nayo husomeka kwa haki pale tu betri inapokuwa haibebi wala haipokei kitu. Kuiuliza hali yake katikati ya kazi ni sawa na kumjulia hali hamali gunia likiwa bado mgongoni. Betri za siku hizi za lithiamu na fosfati ya chuma zina faida kubwa, kwani karibu akiba yote hutumika. Lakini msukumo wake hukaa palepale karibu safari nzima, na hivyo volti zake hazimwambii mtu mengi. Aidha, hazifai kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Kipimo cha kuaminika ni kile kinachofungwa kwenye waya hasi wa betri, kikahesabu kila ampea inayotoka na inayorudi.

Mke huyo hununua betri mbili za volti 6, zile za magari madogo ya viwanja vya gofu, na kuziunga kwa mfuatano. Sasa ana saa-ampea 220, na nusu yake ni 110. Ukijumlisha zile 74 za usiku na 20 za taa, pampu na vitambuzi vya gesi, siku nzima hudai 94. Usiku mmoja umepita salama. Lakini mtungi mkubwa hauongezi mvua, na kila kilichotoka lazima kirudishwe.

Juu ya paa kuna paneli mbili za sola za wati 100 kila moja, zimelazwa bapa. Mtu wa Nairobi, ambaye jua humpita karibu na utosi mwaka mzima, angeona kwamba zimewekwa vyema. Quartzsite iko takriban nyuzi 33.7 kaskazini ya ikweta, na mwishoni mwa Disemba jua la adhuhuri hupanda nyuzi 33 tu kutoka upeo wa macho. Paneli iliyolala huliona jua hilo kwa upande, ikapokea zaidi kidogo ya nusu ya ambacho ingepokea ikilikabili. Zikiwa bapa, paneli zile huweza kurudisha kiasi cha saa-ampea 40 kwa siku njema. Zikiinuliwa na kuelekezwa kusini, hukaribia 70. Kivuli cha bomba la hewa kikiangukia seli chache huvuruga paneli nzima, kwa kuwa seli zimefungwa kwa mfuatano.

Sabini hazijafika 94, kwa hiyo daftari hurudi mezani. Maji ya mashine yakiachwa kupashwa, na mashine ikafungwa moja kwa moja kwenye volti 12 bila kupitia inveta, huvuta karibu ampea 1.5, yaani 12 kwa usiku badala ya 32. Gharama yake ni koo kavu katika hewa ambayo tayari ni kavu, na mume ndiye wa kukubali au kukataa. Hita ya gesi isiyo na feni ingeokoa zile 42 zote. Lakini hita ya namna hiyo hula hewa ya chumbani na hutaka dirisha liachwe wazi kidogo, na mke hakubali kuiwasha usiku pembeni ya mtu mwenye shida ya pumzi. Hapo hesabu haikuulizwa. Wanakubaliana kuishusha hita ya feni na kuongeza blanketi.

Siku za mawingu zina jenereta. Kwa kuwa betri ya risasi hupokea kwa wingi ikiwa tupu na kwa uchoyo ikikaribia kujaa, jenereta hufaa zaidi asubuhi. Zile saa ndefu za mwisho, zinazotaka mkondo mdogo, huachiwa paneli. Usiku haiwashwi: kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili alfajiri kanuni za eneo hutaka ukimya, na moshi wake ni hatari karibu na dirisha la mtu aliyelala. Kwa hiyo pumzi ya saa tisa usiku huamuliwa saa kumi jioni, mke akiwa amesimama nje na daftari lake, akisoma kipimo kilichoandika 131, jua likiwa na muda mfupi tu kabla ya kuzama nyuma ya milima.