Nenda, Uende, Gaseyo!

Mpenzi msomaji, wiki hii naomba nikiri kosa. Usicheke kwanza, subiri nimalize.

Mimi ni mtoto wa Tarime. Ukishasikia hivyo najua tayari umetabasamu, maana Tanzania nzima inatusema kwamba watu wa Mara hatujui kubembeleza. Mwenzetu wa Tanga akitaka maji atasema, "Samahani dada yangu, naomba unisaidie maji ya kunywa." Sisi tunasema, "Lete maji." Tumemaliza. Hatujakasirika wala hatuna ugomvi na mtu, ndivyo Kiswahili chetu kinavyotoka mdomoni. Mgeni akikuuliza njia unamjibu, "Pita hapo, mura, nenda mbele!" Yeye anadhani unamfukuza, kumbe ndiyo umemkaribisha.

Basi bwana, Agosti 2023 nilikuwa Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Nilikuwa na miaka 24, nauza chaja, kava za simu na spika ndogo kwenye kibanda cha kaka yangu, jirani na stendi. Agosti ndio msimu wenyewe. Nyumbu wamepanda kaskazini, wanavuka Mto Mara upande wa Kogatende na Lamai, na magari ya watalii yanapita mjini yamejaa vumbi mpaka huoni rangi.

Siku hiyo mchana gari moja likasimama mbele ya kibanda likiwa na pancha. Wakashuka dereva, mzee wa makamo ya miaka 70 aliyevaa kofia ya jua, na binti yake wa miaka thelathini na kitu. Mzee ameshika tumbo. Binti akamwambia baba yake maneno fulani na mimi masikio yakasimama. Kikorea!

Sasa ngoja nikwambie Kikorea changu kilitoka wapi. Kilitoka kibanda cha video, Tarime mjini. Kama ulikua kipindi kile, Jumong unamjua. Tamthilia hiyo ilirushwa kwao Korea Kusini mwaka 2006 na 2007, ina sehemu 81, na ilipofika Bongo ikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake ilituteka akili. Mtafsiri alikuwa anachelewa kidogo. Kabla hajaingia unamsikia Jumong mwenyewe akipiga kelele juu ya farasi: "Gaja!" Yaani twendeni! Au mfalme anamwambia askari: "Gara!" Yaani nenda! Sisi watoto tulikuwa tunashika fimbo, tunapanda mbuzi wa watu, tunaamrishana kwa Kikorea jioni nzima.

Kwa hiyo binti aliponiuliza kwa Kiingereza duka la dawa liko wapi, nikaona hii ndiyo nafasi ya kung'ara. Nikavimba kifua, nikanyoosha kidole usawa wa pua ya yule mzee, nikasema kwa sauti ya vita:

"Jogi! Gara!"

Lahaula! Mzee akaganda. Tumbo alilisahau. Alinitazama kama mwenyekiti wa ukoo aliyeitwa "we dogo" na mtoto wa darasa la pili. Binti akafunika mdomo kwa mikono miwili na mabega yakaanza kutikisika. Dereva hakuelewa kitu, ila alijua kuna mtu ameharibu.

Binti alipopata pumzi aliniuliza nimejifunza wapi. Nikamtajia Jumong. Akamgeukia baba yake akamweleza, na hapo mzee naye akacheka, tena cheko la kweli. Kumbe nilikuwa nimemwamrisha mzee wa watu kama kamanda anavyomwamrisha mpiga mishale! Nikawasindikiza mwenyewe hadi duka la dawa, mita mia tu. Wakati mzee anakunywa dawa na dereva anaziba pancha, dada yule akaomba kiti, akakaa kibandani kwangu, akanipa somo. Maneno nayaandika hapa kama sikio langu lilivyoyapokea, usije ukanishtaki.

Kwanza akasema kwao, kabla hujafungua mdomo, unamtazama mtu ana umri gani na ni nani kwako. Wakikutana wageni wawili, swali la umri linakuja mapema sana, maana bila umri hujui umalizie vipi kitenzi. Ukimwambia rafiki yako nenda, unasema "ga", basi. Mtu usiyemzoea unasema "gayo". Mkubwa au mgeni unamwambia "gaseyo". Na kama ni mahali rasmi kabisa, kwa mfano tangazo au mapokezi, unasema "gasipsio". Kitenzi ni kilekile, kinachoongezeka ni heshima. Ile "si" inakaa katikati ya kitenzi kama mheshimiwa aliyekaa kiti cha mbele. Na "gara" yangu? Hiyo akasema iache kwenye farasi.

Nikamwambia mbona na sisi tunayo. Kuna "nenda", kuna "uende", kuna "naomba uende", na ukimheshimu mtu mmoja unamwambia "karibuni, piteni" kama vile wako kumi. Tena sisi tuna shikamoo, ambayo hiyo hutoi kwa mtu wa rika lako. Akaipenda sana shikamoo. Akamfundisha baba yake ajibu "marahaba", na mzee akawa anawajibu "marahaba" hata watoto waliokuwa wanasema "good morning" saa nane mchana.

Halafu akaniuliza, mimi ni mdogo wake? Ndiyo. Basi akasema nimwite "nuna", yaani dada mkubwa akiitwa na mdogo wake wa kiume. Angekuwa mwanamke anayemwita angesema "onni". Nikaona kumbe hawa ni ndugu zetu. Hata sisi mwanamke usiyemjua unamwita dada, mama au bibi, jina litakuja baadaye kama lipo.

Kilichonishangaza zaidi ni hiki. Kwa Kiingereza una "here" na "there", umemaliza. Kikorea kina "yogi", "gogi" na "jogi". Yogi ni hapa nilipo mimi. Gogi ni hapo ulipo wewe, au pale tulipokwisha pataja. Jogi ni kule mbali na sisi sote. Hapa, hapo, pale! Nikamwambia nuna, hii lugha mmeiba kwetu. Akasema labda ninyi ndio mmeiba, maana sisi tuna alfabeti yetu tangu Mfalme Sejong alipoitunga mwaka 1443 na kuitangaza mwaka 1446. Nikanyamaza.

Kwa kuelekeza njia akanipa maneno manne tu. Kulia ni "orunjok". Kushoto ni "wenjok". Moja kwa moja ni "juk". Ukitaka kusema elekea upande fulani unaweka "uro" mwishoni. Kwa hiyo ukisema "orunjoguro gaseyo" umemwambia mtu aende kulia na umempa heshima yake. Na kidole kile nilichomnyooshea mzee puani? Nuna akakikunja taratibu, akafungua kiganja changu chote, akakigeuza juu. Njia inaonyeshwa kwa mkono mzima, kama unamkaribisha mtu sebuleni. Nikamwambia kwetu tunaonyesha kwa midomo. Nikambinulia mdomo kuelekea stendi. Alicheka mpaka chozi.

Hadi hapo mambo mazuri, si ndiyo? Sasa ndio kosa lenyewe linakuja.

Saa kumi na moja kasoro pancha ikawa tayari. Wao walikuwa wanakwenda kulala kambi moja nje ya hifadhi, upande wa Robanda, karibu na lango la Ikoma. Dereva alikuwa mgeni wa upande huu, ametokea Mwanza, na ramani ya simu ilikuwa inazunguka tu haifunguki. Nuna akaniuliza njia. Akaniuliza kwa Kikorea, taratibu, kama mwalimu anayempa mwanafunzi mtihani. Mzee akasogea kusikiliza.

Msomaji, kusema kweli ile njia sikuwa na uhakika nayo. Mimi ni wa Tarime. Mugumu nilikuwa nina miezi minne. Upande ule nilipita mara moja nyuma ya lori, usiku, nimejifunika turubai. Nilijua kuna njia panda na nilijua njia moja inakwenda upande wa Ikoma na nyingine inaelekea Tabora B. Ipi ni ipi, hapo sasa!

Lakini mzee ananitazama. Nuna ananitazama. Na mimi nina maneno yangu manne mapya mdomoni. Nikafungua kiganja, nikainama kidogo, nikasema: "Juk gaseyo. Halafu wenjoguro gaseyo."

Mzee akapiga makofi. Nuna akasema nimefaulu. Wakaingia garini, mimi nikabaki napunga mkono kama balozi.

Giza lilipoingia nikamwambia kaka niliyoyafanya, kwa majivuno. Akaacha kuhesabu pesa. "Kushoto? Nani kakwambia kushoto?"

Nguvu ziliniisha. Anayeijua Serengeti anajua, vijiji vilivyo kando ya hifadhi usiku si mahali pa kutangatanga. Tembo hutoka kuja kula mashamba ya watu, na wakishasimama barabarani huna la kufanya ila kuzima taa na kusubiri. Na mle garini kuna mzee mgonjwa wa tumbo. Nikapiga simu ya nuna, haipatikani. Nikapiga tena. Nilipiga hadi chaji ikaisha, mimi muuza chaja. Sikula. Kaka hakunigombeza na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Saa nne usiku ujumbe ukaingia. Wamefika. Walipotea saa tatu nzima, wakakutana na tembo wawili katikati ya njia, wakarudi nyuma hadi boma la wafugaji. Vijana wawili wa pale wakatembea mbele ya gari na tochi mpaka barabara kubwa, wakakataa hata pesa ya soda. Mzee hajambo, amelala.

Nikaandika kwa Kiswahili, Kiingereza na kile Kikorea nilichobakiwa nacho kwamba nimekosa, nisameheni, njia sikuijua. Nuna akajibu "gwenchanayo", yaani hakuna neno. Kisha ukaja ujumbe wa pili: "Baba anasema kuna neno moja sikukufundisha. Morugesoyo. Maana yake sijui, ila sijui yenye adabu. Kwetu kijana akikwambia hivyo unamshukuru, unakwenda kumuuliza mwingine."

Ujumbe ule niliusoma mara nyingi kuliko barua ya mapenzi.

Maana fikiria, ni sisi wote. Mtu akituuliza njia tunaona aibu kusema hatujui. Tunaona kumwacha mgeni bila jibu ni utovu wa adabu. Kwa hiyo tunampa jibu lolote. "Hapo tu, mbele kidogo." Hapo tu ya kwetu Mara unaweza kuitembea mpaka viatu viishe! Mjomba wangu pale Sirari mpakani alimwambia mtu "hapo tu", jamaa akajikuta Isebania, Kenya. Tunacheka, lakini mtu aliyepoteza nauli au aliyechelewa mgonjwa wake hacheki. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nadhani hata hiyo fupi anaitembea yule aliyedanganywa.

Na mimi kosa langu la kwanza, lile la "gara", halikumdhuru mtu. Nilikuwa sina adabu lakini duka la dawa nililijua. Kosa la pili lilikuwa na kiganja wazi, kuinama na "seyo" yake, na lilimpeleka mzee kwa tembo.

Leo Wakorea wanazidi kuwa karibu nasi. Uhusiano wa nchi zetu ulianza mwaka 1992, Daraja la Tanzanite pale Dar limejengwa kwa mkopo wao, na ukipanda treni ya mchongoko ujue imetengenezwa kwao. Kwa hiyo kijana mwenzangu, usishangae siku moja ukiulizwa njia kwa Kikorea pale Kariakoo. Maneno manne umeshayapata, la tano ndilo la kwanza kulikariri.

Mwaka jana nilikuwa stendi ya Tarime, bibi mmoja mwenye mzigo wa ndizi akanishika mkono. "Mura, kwa fulani ni wapi?" Akanitajia jina la mtu na mtaa nisioujua. Ulimi ulikuwa tayari umeshaandaa "hapo tu". Nikaumeza.

"Shikamoo bibi. Mimi sijui. Lakini keti hapa, nikuulizie."

Nikazunguka kwa bodaboda watatu. Wa tatu alimjua, ni shemeji yake. Nikambebea ndizi hadi kwenye pikipiki. Bibi alinitazama kwa mshangao akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, maana watoto wa siku hizi wanajua kila kitu.

Kwa Kikorea kuna kwaheri mbili. Anayebaki anamwambia anayeondoka "annyonghi gaseyo", nenda kwa amani. Anayeondoka anamwambia anayebaki "annyonghi gyeseyo", kaa kwa amani. Mimi ndiye naondoka, wewe unabaki na gazeti lako. Annyonghi gyeseyo. Tukutane wiki ijayo, na kama hujui njia ya kuja, uliza. Kuuliza si ujinga.