Harufu Isiyokimbia: Safari Yetu ya Upande wa Wasomali

Mwezi huu hatuwapeleki mbali. Tunawapeleka hapa hapa Nakivale, kutoka kwetu Rubondo mpaka Base Camp, upande ule wanaokaa ndugu zetu wengi Wasomali. Wengi wetu tunapita pale tukienda sokoni, lakini walioingia ndani ya nyumba zao ni wachache. Hata sisi walimu tulikuwa hatujaingia, mpaka shida ilipotusukuma.

Shida yenyewe ni hii. Shuleni kwetu tuko na msichana mmoja wa P7 anayelea wadogo zake wawili. Tangu mwaka 2023, familia zilipogawanywa kwa makundi ya mgao, chakula chao hakifiki mwisho wa mwezi. Akatuambia anataka kutengeneza unsi ya kuuza. Unsi ni ule udi wa Kisomali, vipande vyeusi vinavyowekwa juu ya makala ya moto nyumba ikanukia. Tukaona ni wazo zuri. Sisi walimu wawili tukachukua shilingi 40,000 kwa likelemba ya akina mama wa kijiji chetu, kwa jina letu, tukanunua sukari, ubani kidogo na chupa za pafyumu.

Tulipika wenyewe, juu tulikuwa tumeona mara moja kupitia mlango wa duka namna wanavyokoroga. Ile siku ya kupika kijiji kizima kilinukia! Watu walikuja kuuliza ni arusi ya nani. Lakini siku ya tatu, tulipoweka kipande juu ya makala, kilitoa harufu ya sukari iliyoungua tu. Wateja sita wakarudisha, wakataka pesa yao. Na likelemba, kama mnavyojua, iko na siku yake.

Basi Jumamosi moja tukatoka asubuhi, sisi walimu wawili, yule msichana na wanafunzi wengine watatu. Pesa ya boda haikuwepo, tukaenda kwa miguu. Wasomaji wetu walio kambi nyingine wajue kwamba Nakivale ni kubwa sana. Ilifunguliwa mwaka 1958, na leo ndani yake kuna Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine, kila watu na kona yao. Njia ni ya vumbi jekundu. Upande mmoja ni mashamba ya mahindi na maharage, upande mwingine vilima vikavu na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Mahali fulani unaliona ziwa linang'aa kwa mbali, na vijana wanapita na samaki kwenye baiskeli.

Njiani hatukuongea sana. Kuna jambo tulikuwa tunalijua sisi walimu, na wanafunzi walilijua pia. Mwaka uliopita tulikuwa na mtoto mmoja wa Kisomali shuleni kwetu. Nguo zake zilinukia ule moshi kila asubuhi. Wenzake walimwita "Moshi", wakaziba pua akipita, wengine wakasema eti kwao wanafanya uchawi. Sisi tulisikia. Tuligeuka ubaoni tukaendelea kuandika. Baada ya wiki chache yule mtoto hakurudi tena.

Ukifika upande wa Wasomali, pua inakwambia kabla ya macho. Kwanza chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, halafu sambusa kwenye mafuta, halafu ule moshi mtamu unaotoka nyuma ya mapazia. Tuliuliza dukani nani anajua unsi kuliko wote. Wakatuonyesha nyumba ya mama mmoja mzee, ya udongo, na mlango wa bati uliopakwa rangi ya bluu.

"Jambo mama," tukasema.

"Karibuni, walimu wangu. Ingieni, jua ni kali."

Alizaliwa Kismayo, pwani ya kusini ya Somalia, ambako Waswahili wa Kibajuni wanaishi tangu zamani. Ndiyo sababu Kiswahili chake kinapita chetu. Vita ilipofika mwaka 1991 alikimbilia Kenya, na baada ya miaka mingi akaja Uganda. Tukamweleza habari ya unsi yetu, tukamwonyesha kipande. Alikinusa, akakivunja kwa vidole, akacheka kidogo.

"Nyinyi mliikimbiza harufu wenyewe. Mliweka manukato sukari ikiwa inachemka, sivyo?"

Tukakubali.

"Na manukato yenyewe ni ya kupuliza, yale ya spiriti?"

Tukakubali tena.

Akatuketisha karibu na jiko, akapika mbele yetu. Tunaandika hapa vipimo vyake, kwa ruhusa yake:

Sukari vikombe 2 na maji kikombe 1. Unga wa ubani nusu kikombe. Vipande vidogo vya mti wa udi au unga wa msandali kikombe 1. Mafuta mazito ya manukato vijiko 3 vikubwa.

Sukari na maji vinachemka polepole mpaka viwe vizito na rangi ya asali. Hapo watoto wakae mbali, juu sukari ya namna hiyo inapita sana joto la maji yanayochemka. Maji yanachemka kwa nyuzi 100, sukari ikianza kugeuka rangi iko kwenye 150 na zaidi, na ikikugusa inashika ngozi haitoki. Halafu sufuria inatolewa kabisa motoni. Unga wa ubani na vipande vya udi vinaingia, unakoroga. Hapo ndipo sisi tulikosea. Mama aliacha sufuria chini, akaanza kutuhadithia habari nyingine, sisi tukadhani amesahau. Alingoja mpaka mchanganyiko ukapoa kiasi, bado unakorogeka lakini hautoi tena mvuke. Ndipo akamimina manukato.

"Manukato ni kama mgeni," akasema. "Ukimkaribisha kwenye moto, ataondoka."

Akamwaga kwenye sinia iliyopakwa mafuta, akasawazisha. Ikishakauka inavunjwa vipande, inawekwa kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, na haifunguliwi siku 7. Siku hizo ndizo zinafanya harufu iingie ndani ya ubani na miti. Spiriti yeye haitaki kabisa. Inaruka hewani haraka, na karibu na moto inaweza kuwaka.

Kuna mwenzetu aliyefundisha na sisi, sasa amehamia Marekani. Tulipomwandikia habari hii alijibu kwamba huko wanatengeneza vipande vya nta ya soya vya kunukisha nyumba, na sheria ni ile ile: nta inayeyushwa, manukato yanaingia ikishapoa kidogo, halafu inaachwa wiki moja au mbili kabla ya kutumia. Alishangaa kusikia kwamba mwalimu wa mambo hayo alikuwa Base Camp siku zote.

Mama akatuletea ubani mbichi tuushike, matone makavu ya rangi ya manjano. Akatueleza kwamba miti yake inaota kwenye milima ya mawe kaskazini mwa Somalia. Watu wanakwangua gamba la mti, utomvu unatoka kama machozi, unakauka, halafu wanaurudia kuukusanya. Aliweka tone moja juu ya kaa la moto. Yule msichana wetu akanusa, akatugeukia macho yamemtoka.

"Mwalimu, hii ni harufu ya misa!"

Ndivyo. Kule Kivu, siku ya sikukuu, padri akipunga chetezo altareni, ni ubani ule ule. Ile harufu ambayo watoto wetu walimzibia pua mwenzao, wazazi wao wanaipigia magoti kanisani. Hakuna aliyecheka.

Chetezo ya Wasomali inaitwa dabqaad. Ile nzuri inachongwa kwa jiwe jeupe jepesi la Ceel Buur, katikati ya Somalia. Ya mama ilivunjika njiani mwaka ule wa kukimbia. Anayotumia sasa ni ya udongo, amefinyangiwa na jirani yake Mrundi. Anafukiza jioni baada ya kupika, anafukiza nguo na mashuka, na mwanamke akijifungua anafukiziwa nyumbani siku zake 40. Lakini alituonya mambo mawili, na sisi tunayapeleka kwenu. Usifukize ukiwa umefunga mlango na madirisha, juu hewa ya makala inaua watu kimya kimya usingizini, na mwenye pumu asikae kwenye moshi. Pia moshi si dawa ya malaria. Mtoto alale ndani ya chandarua.

Kisha chai ikaletwa. Aliyeibeba alikuwa yule mtoto. Ni mjukuu wake.

Alisimama na sinia mlangoni, akatutazama, akawatazama wenzake wa zamani. Mama aliona nyuso zetu, na tunafikiri alikuwa anajua tangu mwanzo sisi ni walimu wa shule gani. Hakusema neno. Basi mmoja wetu akasimama, akamwambia mbele ya wote: "Tulisikia walivyokuita, na tulinyamaza. Wewe hukukosa, tulikosa sisi walimu. Tusamehe." Yule msichana naye akaomba msamaha, juu alikuwa mmoja wa walioziba pua.

Mtoto akajibu, "Sawa, mwalimu." Akagawa chai. Hakurudi kwetu. Anasoma shule nyingine karibu na bibi yake, na tunaambiwa anaendelea vizuri. Sisi tumebaki na kazi yetu. Siku hizi mtoto akipewa jina la kumuumiza darasani, tunaweka chaki chini kwanza.

Mama alimpa msichana wetu kipimo cha mafuta mazuri kwa mkopo, akamwambia alipe akishauza. Tulipika upya, tukangoja ile sukari ipoe, na tukangoja siku 7 ingawa likelemba walikuwa wanagonga mlango. Kipakiti kimoja tunauza shilingi 1,000. Mpaka tunaandika habari hii, deni la mafuta limelipwa, na kwa likelemba tumerudisha 30,000. Zimebaki 10,000, na akina mama wametupa mpaka mwisho wa mwezi. Wateja sita wa mwanzo walipewa vipakiti vipya bure. Wanne wamerudi kununua.

Wazazi mnaopenda kujifunza, msipike kwa kuchungulia mlangoni kama sisi. Nendeni mgonge hodi. Jiko la mama yule liko karibu kuliko tulivyofikiri, na chai yake ni tamu.

Tunaishia hapa kwa mwezi huu. Mbaki na amani.

Ni sisi, walimu wenu wa kujitolea, Rubondo.