Nimepinduka Naivasha, Nimelala Chang'ombe

Mwenzenu juzi nimepinduka mara nne ndani ya dakika kumi, tena Naivasha, Kenya, na pasipoti sina. Nilikuwa nimekaa zangu kwenye benchi hapa hapa Chang'ombe, kwenye banda la gemu la mshikaji wangu mmoja, jasho linanitoka na jero yangu inateketea naiona.

Basi bwana, mshikaji kaleta PS5 ya mtumba. Benchi zima tulijua ni mpira tu siku hiyo, yeye akachomeka EA Sports WRC, gemu la mbio za magari za ubingwa wa dunia. Lilitoka Novemba 2023, ila kwetu lilikuwa jipya kabisa, maana kwenye PS4 tulizozizoea halichezeki. Waliolitengeneza ni Codemasters wa Uingereza, haohao waliotoa gemu la Colin McRae mwaka 1998.

Sasa sikieni. Unaingia barabarani uko peke yako. Hakuna gari la kulipita, hakuna wa kumgonga ubavuni, kinachokukimbiza ni saa tu. Madogo wakaanza kuguna, "Braza, adui yuko wapi hapa?" Adui ni barabara yenyewe. Nikachagua Safari Rally, nikijua ya majirani haiwezi kunishinda. Mashindano hayo yalianza 1953 yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, yakatoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, yakarudi 2021, makao yakiwa Naivasha. Nikachukua Toyota Yaris, kwani Toyota ndio walioshinda Safari kila mwaka tangu 2021 hadi 2025, na isitoshe Dar nani asiyeijua Toyota? Nilipoona vumbi lile jekundu, mawe na miiba, nikasema hapa niko nyumbani.

Kilichoniudhi ni mtu anayeongea. Pembeni ya dereva anakaa msoma ramani, kazi yake kukusomea kona kabla hujaziona. Namba 1 ni kona kali kabisa, 6 unapita na mwendo wako, halafu anaongeza kama inabana mbele, au usikate kwa ndani kuna jiwe. Yote hayo kwa Kiingereza, haraka kama mpiga debe wa Mbagala saa za jioni. Kwenye lile gemu la 1998 sauti hiyo ilikuwa ya Nicky Grist, msoma ramani wa kweli wa McRae, na wawili hao waliishinda Safari mara 3. Mie bwege, Kiingereza changu cha kidato cha nne kilipozidiwa, nikamzima sauti. Kona ya tatu, chali.

"Braza, washa sauti, mi ntakutafsiria," akasema dogo mmoja mwenye yunifomu. Akasimama nyuma yangu: "Kushoto nne, ndefu. Inabana! Kulia mbili, usikate!" Benchi likaamka. Nikaimaliza njia ya Soysambu bampa sina, muda wangu wa aibu, lakini nikamaliza, na watu wakashangilia kama Taifa siku ya Simba na Yanga.

Mie peke yangu ndiye sikushangilia. Kwa sababu, msomaji wangu, msoma ramani huyo sisi huku tunamwita utingo, na utingo nimekuwa.

Nilipomaliza shule mjomba alinichukua kwenye Fuso lake, tunaleta mbao kutoka Lindi. Utingo wa usiku kazi yake si kufunga turubai tu. Unaangalia upande wako, unasema, "Shimo hilo, anko," "Mbuzi hao," unapiga stori ili dereva asisinzie. Usiku mmoja, tumeshapita Somanga, nikasinzia mimi. Mbele kulikuwa na lori limekufa, wenyewe wametandaza majani barabarani kama kawaida. Ningekuwa macho ningeyaona. Mjomba aliyaona yakiwa tayari chini ya tairi, akakata kuelekea porini, Fuso likalala ubavu. Hatukufa. Yeye alivunjika mfupa wa bega. Hakunisema hata neno moja, na hilo ndilo liliniuma. Alipopona akachukua utingo mwingine. Tangu hapo ni shikamoo, marahaba, basi.

Jumamosi alikuja kuchukua betri lake kwa fundi jirani na banda. Akasikia kelele, akachungulia.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba. Huyo anayebwabwaja humo ndani ni nani?"

"Ni utingo wake, anko."

Akatazama kona mbili tatu zikipita. "Halali huyo?"

"Halali."

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akaweka betri chini, akavua kofia, akatoa jero akampa mshikaji.

"Sogea pembeni hapo. Mie Kiingereza chao sikijui, unisomee wewe."

Kumbe na mimi nilikuwa nimeshaanza kukishika. Nikasoma, sauti inanitetemeka kama naitwa na mwalimu mkuu. "Kulia tano, anko. Nyoosha. Kushoto tatu, inabana. Inabana, anko, inabana!"

Gari likaenda zake kwenye miiba, likalala.

"Nilisema, anko."

"Nimekusikia," akajibu, huku anapapasa mfukoni kutafuta jero nyingine. "Mkono ndio ulichelewa."