Shamba la Urithi na Kodi Yake
Huko Texas, Marekani, mzazi akiwaachia watoto shamba, huwaachia na kodi yake. Ardhi ya kilimo hukadiriwa kwa kile inachozalisha, si kwa bei ya soko. Ndiyo maana hata familia ya kipato cha kawaida huweza kubaki nayo. Wazee wakichoka na ng'ombe, utaratibu uliopitishwa na wapigakura mwaka 1995 unawaruhusu kutunza wanyamapori badala yake: kuwawekea maji, kuwaongezea chakula, kuwahesabu, angalau kazi 3 kati ya 7 zilizotajwa. Lakini mtoto mmoja akigeuza sehemu yake kuwa viwanja vya nyumba, punguzo la miaka 3 iliyopita hudaiwa. Heri wazungumze wazazi wangali hai, kuliko ndugu kugombana matangani.